Mimi Ningefunga

20 Februari

Mjomba wangu, shikamoo.

Bibi anaendeleaje? Mwambie lile shuka alilonipa ndilo ninalojifunika, na bado lina harufu ya kabati lake. Mama nilizungumza naye juzi akitoka zamu. Hospitali inamchosha lakini sauti yake ilikuwa nzuri. Mimi mzima, ila kidole gumba cha mguu wa kushoto kimevimba, na njumu ya mguu huohuo imefunguka mdomo kwa mbele, nimekutumia uishone, utaiona mwenyewe. Klabu wamenipa jozi mpya kabisa, iko kwenye boksi chini ya kitanda. Unanijua mimi na viatu vipya.

Najua mechi uliiangalia. Najua mlikuwa kwenye benchi lenu pale kwa kinyozi, televisheni mbele na redio pembeni, maana hamwamini mtangazaji mmoja. Kwa hiyo sina haja ya kukusimulia, lakini nitakusimulia, kwa sababu toka Jumamosi kila mtu ananisimulia mimi.

Nusu fainali ya kombe la wanawake, watani wetu wa jadi, hakuna goli, mechi inaelekea ukingoni. Ikapigwa kona. Kipa wao, yule wanayemwita Ukuta, akatoka kuupiga mpira ngumi, akagongana na beki wake mwenyewe, akaenda chini ameshika kichwa. Mpira ukaniangukia miguuni. Lango liko wazi, Mjomba, hata Bibi angefunga. Mwamuzi hajapuliza kitu. Nikamtazama yule pale chini, hatikisiki, nikautoa mpira nje.

Sikufikiria. Ningependa kukwambia kwamba nilifikiria, ingekuwa na heshima zaidi, lakini mguu uliutoa wenyewe. Yule kipa alikaa chini muda mrefu, akaja daktari, wakamwinua, mpira ukaendelea. Tukaenda penalti, akadaka mbili. Wao wakaenda fainali, sisi tukaenda kuoga.

Unajua mashabiki wetu wananiita Mama Pole kwa sababu nikimwangusha mtu namwinua. Siku ile waliliimba jina hilohilo, ila kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia. Nilipita katikati yao kwenda kwenye basi. Kuna mama mmoja aliyevaa jezi yenye namba yangu mgongoni, alinigeuzia mgongo, nikaisoma namba yangu.

Sasa nakuuliza wewe uliyenifundisha kupiga mpira kwenye ukuta wa karakana yako ya viatu. Wewe ungefanya nini? Tafadhali usinizungushe.

Mpwa wako


4 Machi

Mpwa wangu, marahaba.

Huku wote wazima. Bibi yako anasema shuka lifuliwe, kabati lake halinuki. Karakana inavuja upande wa mashine, nimeisogeza meza, na sasa kila mteja akiingia anagonga goti na kunilaumu mimi badala ya mvua. Mama yako wamempandisha, sasa ndiye msimamizi wa wodi. Yeye hatakwambia, kwa hiyo usimwambie kwamba nimekwambia.

Njumu nimeishughulikia. Niliifungua mpaka kwenye soli, nikakwangua gundi yote ya zamani, nikashona kwa uzi wa nta. Mguu wako wa kushoto unakula soli upande wa nje, kama kawaida yako, kwa sababu ukitaka kugeuka unaegemea huko. Meno ya upande huo nimeyatoa yote, nimeweka mapya. Barua naitia ndani ya kiatu kama siku zote, na usianze habari za simu. Kwenye simu unanikatiza, kwenye barua unanisikiliza mpaka mwisho.

Kuhusu lile swali lako. Watu wamesema mengi, na mimi wiki ile nilikuwa nimezidiwa na kazi, viatu vya shule vimejaa mpaka mlangoni. Mpira ni mpira. La muhimu ni hicho kidole kipone, kiloweke kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi, na usikikaze kwa bandeji. Mechi za ligi siku hizi sizisikilizi, redio yangu imekufa.

Kinyozi hajambo, nadhani.

Mjomba wako


16 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Nimechelewa kuandika, unisamehe. Kidole kimepona, maji ya chumvi yamefanya kazi. Nilimpongeza Mama kwa cheo chake, nikasahau kwamba sikutakiwa kujua. Amesema atakuja kuzungumza na wewe.

Timu tumeshinda mbili na kutoka sare moja. Mimi naendelea vizuri, kocha ananitumia kama kawaida. Njumu zimefanya kazi sana, nakutumia uzitazame.

Jambo moja. Ukuta alihojiwa redioni. Wakamuuliza siku ile aliumia wapi hasa. Akacheka, akasema kipa anayejua kazi yake anajua pia wakati wa kujilaza. Studio nzima ikacheka naye. Sisi tulikuwa kwenye basi la timu tunatoka mazoezini. Dereva alipunguza sauti, lakini ilikuwa imeshapita, na wenzangu wote kila mmoja akaanza kutafuta kitu kwenye begi lake.

Kwa hiyo nilimhurumia mtu mzima wa afya. Nimelifikiria hili mpaka limechakaa kichwani. Nilitakiwa nifanyeje, nimpime kwanza? Nimuulize unaumwa kweli au unatania, halafu ndiyo niamue? Ananiuma yule dada, Mjomba, kuliko hata ile mechi.

Na hukunijibu. Nilikuuliza swali la mpira, umeniandikia habari za chumvi.

Mpwa wako


21 Aprili

Mpwa wangu,

Bibi mzima, mama yako mzima, nami nimesemwa vya kutosha kuhusu kile cheo.

Njumu nimezipokea. Nimezigeuza na kuzitazama mlangoni kwenye mwanga. Meno niliyoyaweka mwezi wa tatu yako vilevile, hata ile rangi ya kiwandani bado inang'aa kwenye ncha. Soli haijaliwa upande wa nje wala wa ndani. Kwenye mshono kuna vumbi la kukaa, hakuna tope la kukimbia. Viatu hivi havijacheza mpira.

Mimi nimekulea nikikurekebishia viatu tangu vile vya plastiki. Unaweza kumdanganya mama yako, na Bibi unamdanganya kila siku kuhusu kula. Mimi usinitumie kiatu kikavu ukaniambia kimechoka.

Njumu hazirudi mpaka uniambie kuna nini. Vaa zile za kwenye boksi, kama una pa kuzivalia.

Mjomba wako


7 Mei

Mjomba, shikamoo.

Haya, umeshinda. Toka nusu fainali nimekaa benchi. Sijacheza hata dakika moja. Kitambaa cha unahodha amepewa mwingine, binti mzuri tu, kila akikivaa ananiangalia kama ameniibia. Napasha misuli moto na wenzangu, halafu navaa koti na kukaa. Sikutaka ujue kwa sababu najua unavyowatambia wateja wako.

Kocha si mtu mbaya. Viongozi wamemkalia shingoni, na mashabiki wamewakalia viongozi. Juzi aliniita ofisini. Mwisho wa mwezi huu kuna mkutano wa wanachama, watajaa ukumbi mzima. Anataka nisimame mbele yao niseme kwamba nilikosea, kwamba nawaomba radhi, na kwamba siku nyingine nitafunga. Nikisema hivyo, narudi uwanjani na mkataba wangu unaongezwa miaka miwili. Nisiposema, mkataba unakwisha mwezi wa sita na ninafungasha.

Mama anasema niseme tu yaishe. Anasema yeye wodini anaomba radhi kila siku kwa makosa ya madaktari na hajapungua kilo. Labda yuko sawa. Nina miaka ishirini na saba, Mjomba. Nani anapanga foleni kumsajili kiungo aliyekaa benchi nusu msimu? Mpira ndiyo kazi pekee ninayoijua, na naogopa. Nikiamka asubuhi nasema nitasema. Jioni nasema sisemi.

Mama pia kaniambia kwamba wewe na kinyozi hamsemezani toka siku ya mechi, kwamba unajinyoa mwenyewe na inaonekana. Kama uligombana naye kwa ajili yangu, uliweza kumwambia nini yeye ambacho huwezi kuniambia mimi? Nakuuliza mara ya mwisho. Ungefanya nini?

Mpwa wako


10 Mei

Mpwa wangu, marahaba mama.

Leo sina habari za nyumbani. Wote wazima, hiyo inatosha.

Mimi ningefunga.

Umetaka, nimekwambia. Ningefunga kwa mguu wowote uliokuwa karibu. Timu ile nimeipenda tangu sina ndevu, watani wameninyanyasa maisha yangu yote, na lango lilikuwa wazi. Ulipoutoa mpira nje nilivua kandambili nikairusha, ikaenda kugonga televisheni ya kinyozi, na nikakutukana tusi ambalo nikimsimulia Bibi yako ataniadhibu na umri huu. Halafu kinyozi naye akakutukana, tusi lilelile, neno kwa neno. Nikamkamata shati. Mimi nina haki ya kukutukana, yeye kaipata wapi? Ndivyo tulivyogombana. Tuligombana tukiwa tumekubaliana, na ndiyo maana mpaka leo hakuna mtu anayeweza kutupatanisha.

Sikukujibu kwa sababu niliogopa. Kila mtu alikuwa amekugeuka, nikaona ukijua kwamba hata mjomba wako angefunga, utajiona uko peke yako duniani. Nikaona bora niandike habari za chumvi.

Sasa nisikilize, maana hili sikulijua mpaka nilipokaa kuliandika. Kwamba ningefunga, hilo ni langu mimi. Ningefunga na ningelala usingizi mzito. Wewe ulimwona mtu chini ukaacha goli, na ulifanya hivyo kabla hujapata muda wa kujifikiria wewe mwenyewe. Yule dada kujilaza ni shauri lake, halihusu mguu wako. Wewe hukuwa na njia ya kujua, na mimi sitaki mpwa anayesubiri kwanza kuhakikisha.

Wale watu ni halali yao kukukasirikia. Walitaka fainali, hata mimi niliitaka. Lakini tiketi waliyokata ilikuwa ya kukuona unacheza, haikuwa ya kukusikia unasema usichokiamini. Kama moyoni mwako unaona ulikosea, simama useme, na usiseme kwa woga. Kama huoni hivyo, usiseme, hata kwa miaka kumi ya mkataba. Ukirudi nyumbani kitanda chako kipo, nimekipangusa leo, na viatu vyote vilivyokuwa juu yake nimevihamishia jikoni. Mke wangu hajafurahi.

Njumu nazirudisha. Ziko safi.

Mjomba wako anayekupenda, na ambaye angefunga


3 Julai

Mjomba, shikamoo, na kaa chini kabla hujaendelea.

Barua yako nilikuwa nayo mfukoni kwenye mkutano. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Kocha alinipa kipaza sauti bila kunitazama, nikamhurumia. Nikasema hivi: nawapa pole kwa kuikosa fainali, najua wengine mlitoka mbali na mlinishangilia mpaka sauti zikakauka. Nimeumia kama ninyi. Ila sikukosea, na mpira ule ukirudi miguuni kwangu leo, nitautoa tena.

Wengi walizomea. Wachache walisimama kupiga makofi, wakazomewa na wao. Nikarudisha kipaza sauti, nikatoka. Nje akanifuata dereva mmoja, yule anayewaleta mashabiki kwa basi lake kila mechi, mtu mkubwa, anapumua kwa shida. Akaniambia, "Mimi bado nimekukasirikia, tusidanganyane. Lakini ulipokuwa pale mbele nilikuwa naomba Mungu usiseme ulikosea." Akanishika mkono, akaondoka. Sikuelewa kwa nini nililia pale baada ya kuvumilia yote yale ya ndani.

Mwezi wa sita ukaisha. Nikafungasha. Nilikuwa nimeshaliandikia begi jina la mtaa wetu pale simu ilipoita. Ni watani. Ndiyo, walewale. Wananitaka, miaka miwili. Kocha wao akaniambia wazi kwamba hakuwa na mpango na mimi, ila kipa wao amemsumbua miezi yote hii. Kila kikao Ukuta anataja jina langu. Sijui anataka nini kwangu yule dada. Hajanipigia, na nilipokwenda kupima afya tulikutana kwenye korido, akaniambia karibu, akatazama sakafu, akapita.

Nimesaini. Nitavaa zambarau ya watani. Nisamehe, au usinisamehe, lakini njoo siku moja unione.

Mpwa wako


9 Julai

Mpwa wangu,

Zambarau.

Bibi yako amecheka mpaka tukampa maji. Mama yako anasema itakupendeza kwa rangi yako. Mimi sijasema kitu kwa siku mbili, na mke wangu anadai zilikuwa siku nzuri.

Kinyozi alikuja. Aliingia, akagonga goti kwenye meza, akakaa kwenye kiti cha wateja bila kuvua kofia. Nikaendelea kushona. Mwishowe akaniuliza, "Sasa tutashangilia nani?" Nikamwambia tangu nimjue hilo ndilo swali lake la kwanza lenye maana. Akanitazama ndevu, akasema kwanza hizo haziwezi kubaki hivyo, akanipeleka kwake akaninyoa. Televisheni yake ina ufa pembeni. Hakuutaja, na mimi sikuutaja.

Jibu la swali lake bado hatujalipata.

Mjomba wako


18 Agosti

Mjomba, shikamoo.

Sina muda, nazituma njumu zishonwe kisigino. Safari hii zimecheza, utaona mwenyewe. Mechi ya kwanza nyumbani ni tarehe 29. Sikulazimishi. Ndani ya kiatu kuna tiketi mbili.

Ukuta bado hasemi nami zaidi ya mambo ya kazi. Akiwa golini ananipigia kelele vizuri tu, tukitoka uwanjani anakuwa bubu. Nimeamua kumwacha.

Mpwa wako


1 Septemba

Mpwa wangu, marahaba.

Bibi mzima. Anataka jezi ya zambarau na anataka iwe na mikono mirefu. Mama yako hajambo. Mimi na kinyozi tumefika salama, ijapokuwa hukutuona kwa muda wa kutosha kwa sababu ya wale waandishi waliokuzunguka. Sikukasirika. Nilisimama pembeni nikakutazama unavyojibu, na nikajivuna mpaka kinyozi akaniambia nipumue.

Mlifungwa, na mlistahili, beki wenu wa kulia anacheza amelala. Lakini niliona jambo. Tulikaa katikati ya zambarau tupu, mimi mikono nimeikunja, nimejiapiza sishangilii mtu. Ulipomwangusha yule winga wao ukarudi kumwinua, mzee wa jirani yangu akasema kwa sauti, "Huyo ndiye, mtazameni," na safu nzima ikasimama, mechi wanapoteza na bado wanasimama. Akanigeukia akaniuliza kama nimeanza kuja uwanjani leo, mbona siimbi. Nikaimba, mama. Watani, na nikaimba.

Sasa la muhimu. Wakati tunakusubiri pale kwenye lango la wachezaji, Ukuta alitoka peke yake, ameshika glavu mkononi. Ni mrefu kuliko nilivyodhani. Alipojua mimi ni nani akaja, akanipa shikamoo. Nikaitikia kwa shida.

Akasema, "Najua una maneno yako kwangu, Mjomba."

Nikamwambia ninayo, nimeyapanga njia nzima, na kinyozi ni shahidi.

"Niseme mimi kwanza," akasema. "Siku ile nilijilaza. Nilikuwa na jicho moja wazi. Nikaona mpira umemfikia, lango wazi, nikajua nimekwisha, nitachekwa mpaka nastaafu. Akautoa nje. Halafu akaja akapiga magoti pembeni yangu, akaniuliza kama namwona vizuri, akanikinga jua usoni kwa mkono wake. Watu wanadhani nilikaa chini vile kupoteza muda. Nilishindwa kuamka, Mjomba. Nilishindwa kumtazama usoni. Redioni nilicheka kwa sababu nilishaanza uongo na sikujua pa kuushushia."

Nikamuuliza kama amekwambia wewe haya.

"Nimeweza kuwaomba wamsajili," akasema. "Kumwambia kumenishinda. Kila siku naingia chumba cha kuvalia nikiwa nimeamua, nikimwona mdomo unagoma. Mwambie wewe. Mwambie naomba anisamehe, na nikimaliza kuona aibu nitamwambia mwenyewe."

Basi nimekwambia. Usimkimbilie kwa maneno, mpe siku zake. Alitokwa na machozi pale langoni, na kinyozi, ambaye hana adabu miaka yote, akageuka akaanza kusoma tangazo ukutani.

Mimi yale maneno yangu sikuyatumia. Nikatazama mikono yake, nikaona glavu ya kulia imefumuka kote kwenye kidole gumba, kipa mzima anadaka na kitu kama kile. Nikamwambia azilete hapa. Akasema klabu watampa nyingine. Nikamwambia nimesema azilete.

Ziko mezani kwangu sasa hivi. Mwambie zitakuwa tayari Ijumaa.

Mjomba wako